Kimulimuli hana moto tumboni

Ndugu Mhariri,

Hivi karibuni ukurasa wa watoto wa gazeti lako ulieleza habari za wadudu wa usiku, na mjukuu wangu alinisomea kwa sauti nikiwa mezani kwangu kazini. Makala ilikuwa nzuri. Ila ilipofika kwa kimulimuli iliandika kwamba mdudu huyo ana moto mdogo tumboni. Mtoto akanyanyua uso: "Babu, sasa mbona haungui?" Nimeona nijibu kupitia kwako, maana wako watoto wengi waliousoma ukurasa ule, na swali lile ni la haki.

Haungui kwa sababu hakuna moto. Nyuma ya tumbo lake mna kemikali iitwayo lusiferini na kimeng'enya (kichocheo cha kemikali mwilini) kiitwacho lusiferasi, majina yaliyotolewa na Mfaransa Raphaël Dubois katika miaka ya 1880. Vitu hivyo vikikutana na oksijeni, pamoja na ile ATP ambayo hata misuli yetu huitumia kupata nguvu, mwanga hutoka. Aliyeonyesha kwamba pasipo ATP mwanga hautoki ni Mmarekani William McElroy, mwaka 1947, mjini Baltimore, ambako aliwalipa watoto wamkamatie vimulimuli kwa wingi. Mweke kimulimuli kiganjani: atang'aa na wewe hutahisi joto lolote.

Mimi ni fundi saa. Meza yangu iko Barabara ya Kumi, Ngamiani, hapa Tanga, na kazi hii niliirithi kwa marehemu baba. Fundi saa hawezi kuukwepa mwanga usio na moto, kwa kuwa mnunuzi akishauliza bei, swali linalofuata mara nyingi ni hili: "Fundi, hii inawaka usiku?" Na si saa peke yake. Mahujaji wakirudi kutoka Makka hutuletea tasbihi za plastiki zenye weupe wa kijanikijani. Ukiiweka chini ya taa kisha ukazima, unaiona ilipo mpaka usingizi ukuchukue. Wazazi hubandika nyota za plastiki darini ili mtoto asiogope giza. Vyote hivyo watu husema "vinawaka".

Sina ugomvi na neno kuwaka. Ni neno pana na Waswahili tumelipanua kwa akili: jiko linawaka, taa inawaka, injini inawaka, simu inawaka, na mtu akighadhibika naye huwaka. Lakini lina ndugu zake, washa na zima, na hapo ndipo linapokwama mbele ya uso wa saa. Akrabu, yaani mshale wa saa, iliyopakwa rangi ya kung'aa huwezi kuiwasha wala kuizima. Haina swichi. Betri ya saa huendesha mashine tu, haipeleki chochote kwenye rangi ile. Wapo wateja wanaonijia nibadilishe betri kwa kuwa saa "haiwaki tena usiku", nami huwaambia wairudishe pesa mfukoni, waiache saa juani kidogo, kisha waitazame gizani. Rangi hiyo hupokea mwanga, ikauweka, ikautoa polepole. Ukiivaa chini ya mkono mrefu wa shati kutwa nzima, usiku haitakuwa na cha kukupa.

Kung'aa nalo ni neno zuri, ila limebeba mengi. Kiatu kilichopigwa rangi kinang'aa. Sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga inang'aa, na dhahabu vilevile. Vyote hivyo vinarudisha mwanga wa kitu kingine. Zima taa uone kama sufuria itaendelea. Kumetameta na kumeremeta ni kwa mwanga unaochezacheza: nyota, maji yenye jua, nguo ya bibi harusi. Kumulika ni kuupeleka mwanga mahali, unamulika njia kwa tochi. Nuru ina heshima yake katika dini na katika dua, nami nisingependa kuishusha hadi kwenye rangi ya saa. Sokoni tunasema "kung'aa gizani", na kwa biashara inatosha kabisa. Anayenunua na anayeuza wote wanaelewana. Penye upungufu ni darasani na gazetini, pale mtu anapotakiwa kueleza mwanga huo umetoka wapi.

Kitu chenyewe kilielezwa vizuri na mwanafizikia wa Ujerumani, Eilhard Wiedemann, mwaka 1888. Aliutenga mwanga mafungu mawili. Fungu la kwanza ni mwanga unaotoka kwa kuwa kitu kimepata moto mkali: chuma cha mhunzi kinachokuwa chekundu, kisha cha njano, kisha cheupe kadiri kinavyozidi kupata joto, utambi wa koroboi, uzi wa globu za zamani uliofikia kama nyuzi 2,500 za Selsiasi. Fungu la pili ni mwanga wowote ambao chanzo chake si joto. Hili la pili ndilo alilolipa jina la luminisensi, na ndani yake wanaingia kimulimuli, tasbihi, akrabu ya saa na mengineyo mengi.

Hapa naomba msomaji asimame kidogo. "Bila joto" haina maana kwamba kitu lazima kiwe baridi ukikigusa. Gusa nyuma ya taa ya LED iliyokaa muda, utaona imepata moto. Joto lile ni umeme uliopotea njiani. Silo lililozaa mwanga. Katika globu ya zamani mambo yalikuwa kinyume: joto ndilo lililokuwa mama wa mwanga, na pasipo kuuchoma ule uzi usingeona kitu, ndiyo maana sehemu kubwa kabisa ya umeme iliishia kuwa joto na sehemu ndogo tu ikawa mwanga. Tyubu ndefu nyeupe za maofisini na misikitini nazo ni za fungu la pili. Ndani yake mna mvuke wa zebaki unaotoa miali ya urujuanimno, ambayo macho yetu hayaioni, na ule unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo huipokea na kuigeuza kuwa mwanga tunaouona. (Watoto wanaookota tyubu kwenye majalala na kuzipasua wakatazwe. Zebaki ni sumu.)

Basi tuuiteje? Nimewasikia walimu wakisema "mwanga baridi". Naelewa walikofikia, lakini nenda katika duka la vifaa vya umeme usome maboksi ya taa. Huko baridi na joto ni majina ya rangi: nyeupe ya kisamawati huitwa baridi, ya njano huitwa ya joto. Taa ya LED ya njano, iliyoandikwa kwenye boksi lake kuwa ni ya joto, kwa hesabu ya Wiedemann ni ya fungu lisilo la joto. Mwanafunzi aliyefundishwa "mwanga baridi" asubuhi atachanganyikiwa jioni akitumwa dukani.

Kukopa tunaweza. Kiswahili hakijawahi kuona haya kukopa; saa yenyewe ni neno lenye asili ya Kiarabu, na akrabu pia, ambayo kwa Waarabu ni nge. Na hili nalisema kwa kuwa hunifurahisha kila nikilikumbuka: nge mwenyewe, ukimmulika usiku kwa taa ya urujuanimno kama ile ya kukagulia noti, gamba lake hung'aa rangi ya samawati iliyochanganyika na kijani. Kwa hiyo akrabu zote mbili, ya saa na ya chini ya jiwe, zimo katika mada yetu.

Lakini tukope pale tusipokuwa na chetu. Chetu tunacho, na kila mtoto wa shamba anakijua. Napendekeza tuseme umulimuli. Mtu akilisikia kwa mara ya kwanza atamwona mdudu yule, atajua ni mwanga, na atajua hauunguzi. Kutoka hapo matawi yake yanapatikana kwa maneno ya kawaida. Kuna umulimuli wa papo hapo, ambao hukoma mara tu mwanga unaokipiga kitu ukikoma: alama za noti zinazoonekana ndani ya mashine ya keshia, shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga likipita chini ya taa ya urujuanimno ukumbini, na kwinini. Ndiyo, kwinini ile ile ya malaria. Mwingereza John Herschel aliandika mwaka 1845 jinsi maji yenye kwinini yanavyotoa rangi ya samawati yakipigwa na jua, na mwaka 1852 George Stokes akaupa mwanga wa namna hiyo jina la Kizungu, fluorescence, akilitoa katika jiwe la florita. Leo ukimwaga maji ya toniki kwenye glasi na kuyaweka chini ya taa hiyo utaona alichokiona Herschel.

Kuna umulimuli wa kukawia, nao ndio wa tasbihi na wa saa nyingi za siku hizi. Huu ulimshangaza fundi viatu wa Bologna, Italia, aliyeitwa Vincenzo Casciarolo, mwanzoni mwa miaka ya 1600, alipochoma mawe mazito aliyoyaokota mlimani akaona kwamba yakishakaa juani yanang'aa usiku. Wazungu baadaye waliuita mwanga wa kukawia phosphorescence, jina linalotokana na fosforasi, ilhali fosforasi yenyewe, ambayo Hennig Brand aliipata kutoka kwenye mkojo mjini Hamburg mwaka 1669, haikawizi mwanga wa mtu yeyote. Inang'aa kwa sababu inaungana polepole na oksijeni ya hewa. Kwa tabia iko karibu na kimulimuli kuliko na tasbihi. Nalitaja hili ili waandishi wetu wasidhani kwamba majina ya lugha nyingine yamekaa sawasawa na yetu ndiyo yamepinda. Wao walitaja kabla hawajajua. Sisi tunataja tukiwa tumeshajua, na hiyo ni bahati.

Wapo watakaosema kimulimuli ameshachukuliwa na magari. Ni kweli. Ukisema kimulimuli barabarani watu hufikiria taa ya juu ya gari la polisi au la wagonjwa, na askari wa usalama barabarani wamekuwa wakipambana na wenye magari binafsi waliojifungia ving'ora na vimulimuli. Hata hivyo gari limeazima jina kwa sababu ya ule mtindo wa kutokea na kupotea, mdudu hajanyang'anywa chochote. Neno umulimuli, likiwa na u- mbele, halitamfanya mtu yeyote afikirie msafara wa mkubwa.

Wavuvi wa kwetu wanao umulimuli wa viumbe bila hata kwenda shamba. Usiku wa giza, pasipo mbalamwezi, kasia likipiga maji yanatoa mwanga wa samawati, na wavu ukivutwa unakuja umetapakaa vichembe vinavyong'aa. Ni viumbe wadogo wa baharini wanaotoa mwanga wakitikiswa. Wapo wanaosema ni kazi ya jini, na sitaki kumbishia mtu imani yake, lakini bahari yetu hii ya Hindi imeonyesha makubwa zaidi ya hayo. Januari 1995 meli ya mizigo ya Uingereza iitwayo Lima, ikiwa mbali na pwani ya Somalia, iliingia katika maji yaliyong'aa weupe kutoka upeo mmoja hadi mwingine. Miaka kumi baadaye, mwaka 2005, wanasayansi wakiongozwa na Steven Miller walitangaza kwamba wameuona mwanga ule katika picha za setilaiti za usiku ule ule: eneo la kilomita za mraba zipatazo 15,400, nalo lilionekana usiku tatu mfululizo. Wanaamini ni bakteria waliozagaa kwenye maji. Joto? Hakuna.

Ningeishia hapa kama habari ingekuwa ya kamusi tu. Kuna aina moja zaidi, na ndiyo iliyonikalisha chini niandike barua ndefu namna hii.

Zamani rangi ya saa haikungoja mwanga wa jua. Iling'aa yenyewe, usiku kucha, mwaka mzima, hata ikiwa imefungiwa sandukuni. Siri yake ilikuwa radiamu, metali inayotoa miali ya hatari yenyewe bila kukoma, iliyochanganywa na unga wa zinki salfaidi. Miali ya radiamu huupiga unga ule na unga ukatoa mwanga. Watu waliipenda mno. Katika mji wa Orange, jimbo la New Jersey, Marekani, kuanzia mwaka 1917 wasichana waliajiriwa kupaka namba za saa kwa rangi hiyo, na ili brashi iwe na ncha kali walifundishwa kuichonga kwa midomo. Wakaimeza kidogo kidogo. Taya zao zikaoza, damu ikapungua, mifupa ikapata saratani. Grace Fryer na wenzake wanne walikwenda mahakamani na kesi yao ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 1928. Mwaka huo huo alikufa Sabin von Sochocky, aliyeibuni rangi hiyo, naye kwa ugonjwa wa damu uliotokana na radiamu.

Saa za namna hiyo zilifika hapa kwetu. Tanga ilikuwa nchi ya mkonge. Mabwana wa mashamba walikuwa na saa za kengele za mezani na za mkononi, na wengine walipoondoka waliwaachia wapishi na makarani wao. Zipo na saa za kijeshi za Vita vya Pili. Zingine ziko makabatini mpaka leo na huletwa kwangu na wajukuu wanaotaka saa ya babu iende tena. Marehemu baba alikuwa akiikwangua rangi ya zamani kwa ncha ya kisu na kuipuliza kwa mdomo, kama mafundi wote wa zama zake, kwa kuwa hapakuwa na aliyewaambia.

Na hapa ndipo "inawaka" linapotudanganya vibaya. Kitu kilichokuwa kinawaka kikizimika, tunajua moto umekwisha na hatari imekwisha nao. Saa ya radiamu si hivyo. Kinachochoka ni unga wa zinki salfaidi; baada ya miaka kadhaa unaharibika na mwanga unapotea. Radiamu yenyewe hupungua hadi nusu kwa miaka ipatayo 1,600. Saa ambayo mwenyewe ataniambia "hii haiwaki siku nyingi, fundi, kwangua tu" ina radiamu karibu yote iliyotiwa na kiwanda. Kuivaa ikiwa imefungwa vizuri si sawa na kuifungua. Hatari kubwa ni vumbi lake kuingia kinywani au mapafuni. Ndiyo maana nataka tuwe na neno linalomfanya mtu aulize: umulimuli wa nini huu? Wa mwanga uliopokelewa, wa kemikali, au wa miali?

Kwa walio na saa za wazee nyumbani, nawapa alama ambazo mimi huzitazama. Chini kabisa ya uso wa saa, karibu na namba sita, soma maandishi madogo. Ukiona herufi T pembeni ya jina la Uswisi, rangi yake ilikuwa ya tritiumu, iliyochukua nafasi ya radiamu kuanzia miaka ya 1960. Miali ya tritiumu ni dhaifu, haipiti hata kwenye kioo cha saa, na hupungua hadi nusu kila miaka kumi na miwili hivi. Ikiwa saa ni ya miaka ya karibuni, rangi yake kwa kawaida ni ya stronti aluminati, iliyotengenezwa Japani na kampuni ya Nemoto mwaka 1993, na haina miali yoyote; hii ndiyo inayotaka kuonyeshwa mwanga kwanza. Lakini ikiwa saa ni ya kabla ya mwaka 1970, haina T, na namba zake zimepakwa rangi nene iliyogeuka njano au hudhurungi, ichukulie kuwa ni ya radiamu hata kama haing'ai hata chembe. Alama nyingine ni kivuli cha hudhurungi kilichobaki usoni pa saa pale akrabu zilipokuwa zimesimama kwa miaka.

Saa hiyo usiifungue, usiikwangue, wala usimpe mtoto kuichezea. Kama kioo kimepasuka, itie ndani ya mfuko wa plastiki uufunge, unawe mikono, na uulize Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ambayo kazi yake ni mambo haya haya. Ukimpelekea fundi, mwambie kabla hajashika bisibisi. Na nyinyi mafundi wenzangu wa Kariakoo, Darajani, Mwanza na kwingineko: rangi ya zamani msiipulize.

Mhariri, kwa ukurasa wa watoto naomba toleo lijalo liandike tu kwamba kimulimuli hutoa mwanga kwa kemikali zilizo mwilini mwake na mwanga huo hauunguzi. Kama mtapenda kutumia neno umulimuli nitafurahi. Na kama Baraza la Kiswahili wana neno bora kuliko langu, nitalisoma kwa hamu nikiliona limechapishwa.

Wako,
Fundi saa,
Barabara ya Kumi, Ngamiani,
Tanga